Lango la Fundi Obura

Jumapili ya kutembelea wafungwa, foleni mbele ya gereza la wanawake la Nambuzi ilianza kupangwa kabla umande haujakauka. Karibu wote waliosimama walikuwa wanawake. Mwanamume wa Kampala akifungwa, hutembelewa na mama yake, mke wake na dada zake. Mwanamke akifungwa, hutembelewa na mama yake na dada zake tu. Akoth aliliona jambo hilo siku yake ya kwanza kufika pale, na hakuwahi kupata mtu wa kumwambia.

Kwenye meza ya ukaguzi alikaa askari magereza aitwaye Lamunu, mwanamke mrefu kutoka Kitgum, mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama kama makali ya kisu. Hakucheka na mtu. Hakupokea kitu cha mtu pia, na hilo lilijulikana katika foleni nzima, kwa sababu wenzake wa zamu nyingine hawakuwa hivyo. Chakula chochote kilichoingia, aliyekileta alitakiwa akionje mbele ya watu.

Akoth akafungua bakuli lake la samaki na ugali.

"Onja," Lamunu akasema.

Akaonja.

"Chini pia. Geuza."

Akageuza, akaonja na chini. Nyuma yake watu walimwangalia akitafuna. Si jambo dogo mtu kulishwa chakula chake mwenyewe hadharani, kana kwamba amesafiri kutoka Nateete kuja kumtilia ndugu yake sumu. Lakini Akoth alikwisha kuizoea aibu ile kama mtu azoeavyo kiatu kinachobana. Alimeza, akafuta mdomo kwa ncha ya leso, akafunga bakuli.

Lamunu hakumruhusu kupita. Alitazama kushoto na kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini, katika kile Kiswahili chake cha kambini, "Mama, leo kuna maneno. Mkuu wa gereza ni mpya. Amepita kwa wodi, amekuta watoto wakubwa. Amesema mtoto akishaacha ziwa, hakuna kukaa ndani. Ile ya Aoko imepitisha wakati zamani sana."

"Atatolewa lini?"

"Jumamosi. Ndugu ya mama akikuja, anachukua. Hakuna ndugu, gari ya nyumba ya watoto itakuja kutoka mbali huko, na wakishachukua wanampatia jina yao." Akalisukuma bakuli kwa Akoth. "Mimi nasema tu. Sijasema kitu."

Ndani, kwenye wavu wa kuongelea, Aoko alikuwa ameshapata habari. Alikuwa wifi yake Akoth, dada wa mwisho wa mumewe, msichana aliyekuwa akicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Alifungwa kwa sababu alikubali kumhifadhia mchumba wake marobota ya vitambaa, asijue au asitake kujua yametoka kwa Mhindi gani. Mchumba alivuka mpaka usiku uleule. Aoko alibaki na marobota, na tumbo. Mtoto wake, Valarie, alizaliwa mle ndani, juu ya mkeka, mikononi mwa mfungwa mwenzake kutoka Kongo, na sasa alikuwa anakaribia miaka mitatu. Alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake, mkono mmoja umeshika ukosi wa lile gauni jeupe la wafungwa.

Aoko hakulia. Aliuliza habari za Amondi, binti wa Akoth, kama amepita mtihani. Akauliza kama mvua imeharibu paa. Mwisho akauliza lile alilokuwa analizunguka.

"Kaka anasemaje?"

"Kaka yako hajui hata kwamba mimi huja hapa."

"Basi usimwambie. Waache wamchukue wale wa nyumba ya watoto. Watampa maziwa."

"Maziwa peke yake hayalei mtoto, Aoko."

"Wifi, nitakwambia kitu, usinicheke. Mtoto huyu hajawahi kumwona mwanamume akila. Anadhani wanaume ni watu wa kubeba magogo ya kuni mpaka langoni na kuondoka. Utampeleka kwa kaka jinsi alivyo, amkemee siku ya kwanza, atafanyaje?"

Akoth alipitisha vidole kwenye wavu, akagusa kisigino cha mtoto, kengele ikalia.

* * *

Karakana ya Obura ilikuwa Nateete, nyuma ya soko, mahali ambapo mafundi wa kuchomelea wamepangana kama meno. Vita vilikuwa vimewaachia watu wa Kampala hofu ya madirisha. Aliyejenga chumba kimoja alitaka nondo kabla ya kutaka rangi. Obura alikuja kutoka Ugenya, upande wa Kenya, mwaka uliofuata vita, akiwa na msumeno wa chuma na shati moja la kubadilisha, na kufikia mwaka ule wa tisini na mbili hapakuwa na fundi wa milango aliyeheshimiwa kumpita. Nyumba yake ilikuwa hapohapo uani, na mbele yake alisimamisha lango lake mwenyewe, refu kuliko la msikiti, lenye simba wawili wa chuma aliowakata kwa mkono. Watu walikuja kuliangalia tu. Alilifunga na kulifungua kwa kishindo kila asubuhi na jioni, na majirani walijua saa kwa sauti yake.

Alikuwa mtu mwema katika mambo mengi. Hakunywa. Aliwalipa vibarua wake Ijumaa bila kuombwa. Lakini alikuwa na jina, na mtu aliyejitengenezea jina kwa jasho lake hulilinda kama kuku alindavyo mayai, hata yale yaliyokwisha kuoza.

Akoth alingoja mpaka amekula, amenawa, na Amondi ametumwa kusuuza vyombo bombani.

"Baba Amondi, nina neno."

"Sema."

Akasema lote. Alisema kwamba huenda Nambuzi Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na siku hizo haendi mkutano wa akina mama kama alivyokuwa akisema. Alisema juu ya amri ya mkuu mpya. Alisema juu ya Jumamosi.

Obura alisikiliza akiangalia taa. Hakukasirika kuhusu safari zile. Yawezekana siku zote alijua, kwa maana mtu hukosaje kuona samaki mkubwa akitoka nyumbani na bakuli likirudi tupu? Kilichomkasirisha ni kwamba sasa limesemwa.

"Aoko yuko Ugenya," akasema. "Ameolewa."

"Hayo uliwaambia watu wa chama. Mimi usiniambie."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Miaka mitatu nyuma, watu wa chama cha Wakenya wa Nateete walipouliza mbona dada haonekani, Obura alijibu haraka kwamba amekwenda nyumbani kuolewa. Alidhani uongo mdogo utapita kama mvua ya rasharasha. Wiki iliyofuata wanawake wa chama walifika langoni na sufuria kubwa za harusi, mablanketi mawili na seti ya vikombe, wakiimba. Obura alivipokea amesimama kati ya simba wake, akasema asante. Vitu vile vilikuwa chini ya kitanda mpaka leo, na Akoth alipofagia alivizunguka.

"Unajua wanakuja Jumamosi?" Obura akauliza. "Byron mwenyewe, na mzee Khisa. Wanataka niwe makamu mwenyekiti wa chama. Mimi, mtu wa darasa la nne. Byron ana diploma."

"Hongera."

"Usiniambie hongera kwa sauti hiyo. Fikiri, Mama Amondi. Kazi yangu ni nini? Natengeneza milango. Kufuli la kila mtu mtaa huu limepita mikononi mwangu, najua chuma gani ni kinene na kipi ni bati. Watu hunipa kazi kwa sababu gani? Kwa sababu wananiamini. Wakisikia dada yangu alifungwa kwa mali ya wizi, nani ataleta mlango wake kwa Obura? Wewe ungeleta?"

Lilikuwa swali la haki, na Akoth alilipa heshima ya kulifikiria kabla ya kujibu.

"Labda nisingeleta," akasema. "Lakini mtoto hakuiba."

"Sijasema ameiba. Nasema hatapita kwenye lango langu. Ukimleta, utatoka naye kwa mlango uleule uliomwingizia."

Amondi akarudi na vyombo. Wakazungumza habari za mtihani.

* * *

Ili kumtoa mtoto Nambuzi ilihitajika barua ya RC, yaani kamati ya mtaa, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba kaya fulani inajulikana na imekubali kumpokea. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa rafiki wa Obura na angemwuliza kwanza. Akoth akamwendea Zulaika, katibu wa wanawake, mjane wa Kinubi aliyesuka vikapu barazani mwake na kusikiliza kesi za watu bila kusimamisha vidole.

Zulaika alisikiliza mpaka mwisho. Akakata uzi kwa meno.

"Mume wako amekataa."

"Amekataa."

"Amekupiga?"

"Hapana. Hajawahi."

"Angalau." Akasuka mizunguko miwili. "Wewe unataka nini, mwanangu? Usiniambie anachotaka wifi yako wala anachotaka Mungu. Wewe."

Akoth alikuwa hajaulizwa hivyo tangu aolewe. Alisema kwamba akifikiria mtoto yule akiitwa kwa jina jingine mahali asipopajua, anashindwa kumeza. Alisema kwamba anamwogopa mumewe, si mkono wake, ila uso wake, jinsi utakavyokuwa. Na kwamba ameamua.

"Basi," Zulaika akasema. "Barua inataka kaya. Kaya ni nani? Anayelala pale, anapika pale, anafagia pale. Wewe hufagii?" Akaita ndani aletewe muhuri. "Mwenyekiti akiuliza, aje kwangu. Mimi nilimfunga nepi."

Akaandika kwa mwandiko mkubwa wa duara kwamba kaya ya Akoth, mkazi wa Nateete, inajulikana kwa kamati na iko tayari. Akapiga muhuri mara mbili, kwa kuwa wa kwanza ulififia. Kisha akasema Jumamosi atakuwa na safari ya kupita langoni kwa Obura, akiwa na kikapu cha kupeleka mahali, na kikapu hicho kinaweza kuwa kizito kikamlazimu kupumzika. Akoth alielewa kwamba hatakuwa peke yake. Kuna ujasiri unaopigiwa ngoma, na kuna huu wa wanawake wawili barazani; nchi yetu imesimama zaidi juu ya huu wa pili.

* * *

Jumamosi Lamunu alisoma barua ile mara mbili, akamtazama Akoth, akaipeleka ndani mwenyewe.

Wanawake wa wodi walikuwa wamejipanga namna yao. Walijua kwamba mtoto akitolewa mikononi mwa mama yake akiwa anatazama, atapiga kelele mpaka ukuta upasuke, na mama ataugua. Walikwisha kuyaona hayo kwa wengine. Kwa hiyo Aoko hakumleta. Tangu asubuhi Valarie alipitishwa kutoka mkono hadi mkono kama kila siku, huyu anamchana nywele, huyu anampa kipande cha muhogo, huyu anamwimbia. Wa mwisho alimpa Lamunu. Aoko alikuwa bustanini akipalilia mgongo umeelekea lango, na wenzake walipalilia kumzunguka, karibukaribu, mabega yakigusana. Askari mwenye zamu aliona kwamba watu kumi wanapalilia tuta moja, akageukia upande mwingine.

Lamunu alimbeba mtoto mpaka nje. Mtoto alikuwa amevalishwa sweta lililofumwa kwa nyuzi za masweta yaliyofumuliwa, rangi tano zisizopatana, kila mfungwa mstari wake. Shingoni hapakuwa na kitu, maana wafungwa hawana cha kuvalisha shingo ya mtoto.

"Asubuhi anapenda uji haina moto sana," Lamunu akasema. "Mbwa haijui. Kuku anajua, iko hapa." Akamweka Akoth mgongoni, akafunga leso yeye mwenyewe kwa nguvu, akalijaribu fundo. "Mama Valarie ni mfungwa mzuri. Mwambie kaka yake. Mimi nimefanya hii kazi tangu serikali tatu. Mfungwa mzuri naijua."

Njiani Valarie hakulia. Aliangalia. Kila alipoona mwanamke mwenye gauni jeupe, muuguzi au mama wa kanisa, alinyoosha mikono apokelewe, kwa sababu maisha yake yote nguo nyeupe ilikuwa ni mama. Karibu na soko la Nateete akamwona mtu mwenye kanzu nyeupe, akanyoosha mikono kwa furaha. Yule mtu alipogeuka, alikuwa mzee mwenye ndevu mpaka kifuani. Mtoto akajificha nyuma ya shingo ya Akoth, moyo wake ukidunda, naye Akoth akausikia mgongoni mwake kama ni wake.

* * *

Uani kwa Obura palikuwa na viti. Alikuwa amevaa koti. Byron, mwenyekiti wa chama, karani wa kampuni ya malori, alikaa kwenye kiti chenye mto na kuzungumza Kiswahili chenye viraka vya Kiingereza, akisema chama kinahitaji mtu wa kazi za mikono, mtu asiye na doa, ili vijana wapate mfano. Mzee Khisa, fundi viatu kutoka Bungoma, alikaa kwenye tofali na kunywa chai yake. Kando yao alisubiri Ssalongo, mwenye duka, aliyefuata mlango wake.

"Asiye na doa," Byron akarudia, kwa sababu aliyapenda maneno hayo.

Zulaika alikuwa ameketi nje ya lango juu ya kikapu chake, anapumzika.

Akoth akaingia. Alifungua leso, akamshusha mtoto chini. Lango, ambalo Obura alilitengeneza lijifunge lenyewe, likarudi nyuma yake likajifunga kwa kishindo kilichojulikana mtaa mzima, na komeo likaanguka.

Valarie akachutama.

Alichutama palepale, sawasawa, magoti pamoja, mikono miwili juu ya kichwa, macho chini. Hakuna aliyemwambia. Alitazama kidogo upande wake wa kulia, kama mtu anayetafuta mwenzake wa mstari, hakuona mtu, akatulia, akangoja.

Ssalongo akacheka. "Fundi, hii mutoto ni ya nani? Imetoka kwa jeshi?"

Byron naye akatabasamu, akangoja aelezwe mzaha. Obura hakutabasamu. Uso ule Akoth alioogopa ulikuwa umekuja, mgumu na wa kijivu, na Akoth aliutazama bila kuinamisha kichwa.

"Inuka, mwanangu," Akoth akamwambia mtoto. "Hapa ni nyumbani."

Mtoto hakuinuka. Mapaja yake madogo yalianza kutetemeka, naye hakuinuka.

"Mbona hasimami?" Obura akauliza. Ilimtoka kabla hajajizuia.

"Anangoja kuhesabiwa," Akoth akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, wote wakasikia. "Huko alikozaliwa lango likifungwa wanachutama wawiliwawili, askari anapita anawahesabu. Yeye alikuwa mwisho wa mstari. Wakifika kwake wanasema, 'na nusu.' Mpaka waseme, haruhusiwi kuinuka."

Kicheko cha Ssalongo kikakatika.

Kuna dakika ambayo mtu huiona mara moja maishani, na wengi wakiiona huigeuzia kisogo. Obura angeweza kusema ni mtoto wa jirani. Midomo yake, iliyokwisha kujifunza, ilikuwa tayari. Alimtazama Byron, akautazama mto wa kiti, akatazama sweta lile la rangi tano, na yale magoti yanayotetemeka. Alikuwa mtu wa chuma. Alijua kitu kinachotetemeka namna ile kimebeba mzigo usiokuwa wake.

Akavua koti. Akalikunja, akaliweka kitini. Akatembea mpaka alipo mtoto, akachutama kuliani kwake, polepole, goti moja likilia, akaweka mikono yake miwili mikubwa juu ya kichwa.

Mtoto akamtazama kwa ncha ya jicho. Mwanamume. Lakini mstari ulikuwa umekamilika, na mstari aliuelewa. Hakukimbia.

"Byron," Obura akasema kutoka pale chini. "Huyu ni mtoto wa dada yangu Aoko. Hakuolewa. Amefungwa Nambuzi kwa mali ya wizi aliyomwekea mtu, na mimi sijakwenda kumwona hata siku moja. Zile sufuria zenu ziko chini ya kitanda. Mtazichukua leo."

Byron aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Mama Amondi," Obura akasema, "hesabu. Miguu yangu si ya kazi hii."

Akoth akaja mbele yao. Akameza kwanza, kama alivyomeza chakula cha kuonja mara nyingi mbele ya watu. Akagusa kichwa cha mumewe.

"Mmoja." Akagusa kichwa cha mtoto. "Na nu…"

"Hapana," Obura akasema. "Hesabu vizuri."

"Wawili," Akoth akasema.

Mtoto hakuijua hesabu ile. Alikunja uso. Alimwangalia Akoth, kisha yule mwanamume aliyekuwa akiinuka kwa kujishikilia lango, akihema, na alipoona kwamba mwenzake wa mstari amesimama na hakukemewa, naye akasimama.

Nje, Zulaika alijitwika kikapu chake akaenda zake.

Byron alitafuta kofia yake. Alisema, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba ile habari ya umakamu itabidi izungumzwe tena na kamati, siku nyingine, Fundi ataelewa. Obura alisema anaelewa. Byron alisema pia sufuria si lazima leo. Akatoka, akilifungua lango kwa uangalifu sana na kulishika lisigonge. Ssalongo alibaki ameukazia macho mlango wake uliokwisha, mpya, wenye kufuli mbili, na Obura alimwona akiutazama, akajua anachofikiri. Ssalongo akapapasa komeo, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akaita kibarua mwenye mkokoteni aje aupakie, akaondoka bila kuaga. Lakini mlango aliuchukua.

Akabaki mzee Khisa juu ya tofali lake. Valarie alikuwa amesimama mbele yake kwa umbali, anamwangalia akitafuna kipande cha mkate, anafuata kila kinachokwenda mdomoni, kama mtu anayejifunza kazi.

"Jumapili ya kwanza ya mwezi, ndiyo siku yao?" Khisa akauliza.

"Ndiyo," Akoth akasema.

"Tutakwenda," Obura akasema. Alikuwa bado amesimama kando ya lango, mkono kiunoni. "Mimi na mama yake Amondi."

Khisa akamega mkate, akaweka kipande kwenye kiganja, akakinyoosha mbele bila kumtazama mtoto, kama vile mtu anavyomwachia kuku aje mwenyewe.

"Na sukari," akauliza, "huwa wanaipokea?"